Kalume Hakuzama

Jumapili moja ya Julai, mwaka wa tisini na tano, Mwalimu Mbeyu Tsofa alitupa karatasi za mtihani dirishani. Hakukusudia. Alikuwa ameketi ghorofani, katika chumba alichokodi mtaa wa Kuze, kalamu nyekundu mkononi na chai ya tangawizi pembeni, akisahihisha fasihi ya kidato cha nne. Karatasi ya kwanza ilisema Kalume alizama mtoni. Akatia alama ya kosa. Ya pili ikasema hivyo hivyo. Chai ikapoa, naye akaendelea kufungua moja baada ya nyingine, na kila aliyeandika alimzamisha Kalume. Tena kwa maneno yale yale: "Kalume anakufa maji kutokana na ubinafsi wa jamii yake." Hata koma ilikaa mahali pamoja. Mkono ukainuka wenyewe. Karatasi zikapepea hadi uchochoroni, na moja ikatua ukingoni mwa karai la muuza viazi.

Punde mwenye nyumba, Bi Mejumaa, akapanda ngazi akihema, karatasi kifuani, moja ina doa la mafuta.

"Una nini, mwanangu? Watupia watu makaratasi vichwani, umepandwa na pepo?"

"Niwie radhi, Bi. Darasa zima limemuua mtu ambaye hakufa."

"Mtu gani huyo? Mwanafunzi?"

"Kalume. Wa kitabuni."

Bi Mejumaa akaketi kitandani, akajifuta jasho kwa ncha ya leso. "Haya, nambia. Kama hakufa, alikwenda wapi?"

Mbeyu akamweleza. Kitabu cha mtihani mwaka ule kiliitwa Mnazi wa Mpaka. Nyumba mbili za ndugu zinagombea mnazi mmoja uliosimama kwenye mpaka wa mashamba yao, na kijana Kalume anasingiziwa kuwa ndiye aliyeutia moto. Anatoroka. Shati lake linaonekana kando ya mto. Watu wanaamini amezama, matanga yanakaliwa, na baba yake analia mbele ya kadamnasi. Lakini sura ya kumi na tisa Kalume yu hai, anakata mkonge huko mbali kwa jina la kukopa. Anarudi kwao, anabisha mlango. Na baba yake, ambaye sasa anajua kwamba mtoto alisingiziwa, na anajua ni nani aliyemsingizia, anamtazama usoni na kumwambia: "Mwanangu tulimzika."

"Alaa!" Bi Mejumaa akajishika mdomo. "Babake mwenyewe?"

"Baba yake mwenyewe. Hapo ndipo penye kitabu, Bi. Yote yaliyotangulia ni njia ya kufikia hapo. Na watoto hawa hawakufika."

Ili hasira ya Mbeyu ieleweke, lazima isemwe alivyopata kusoma. Alizaliwa bara ya Kaloleni, na baba yake, mzee Tsofa, alikuwa mfagiaji wa mabehewa ya treni mjini Mombasa. Mzee hakujua hata alifu, lakini hakuweza kuona kitu chenye maandishi kinatupwa. Chochote walichosahau abiria alikibeba hadi nyumbani mwisho wa mwezi: kitabu cha nyimbo za kanisani, maelezo ya kutumia cherehani, ratiba za treni zilizopitwa na wakati. Mbeyu alivisoma vyote. Aliweza kukuambia jinsi ya kutia mafuta cherehani kabla hajapata kuiona. Siku moja mzee alileta riwaya ya Kiswahili isiyo na jalada, iliyochanika katikati. Mbeyu aliisoma mpaka ukurasa wa mwisho uliobaki, ambapo mwanamke mmoja anabisha mlango na mtu ndani anauliza, "Nani?" Basi. Akakua, akawa mwari, akaenda chuo cha ualimu, na bado hakujua ni nani aliyekuwa mlangoni. Kila maktaba aliyoingia aliiulizia hadithi ile, na kwa kuwa hakujua jina lake, hakuna aliyeweza kumsaidia. Mtu aliyenyimwa mwisho wa hadithi namna hiyo hawezi kumvumilia mtu aliye na kitabu kizima mkononi akakiacha katikati kwa hiari yake.

Aliwahi kuolewa. Mume alimwacha akisema hakuoa mke, alioa taa, kwa maana kila akiamka taa inawaka na mtu anasoma. Mbeyu alisema hilo halikuwa kosa la taa. Akahamia Kuze, kwa Bi Mejumaa, akaendelea kufundisha katika shule moja ya sekondari karibu na Makupa. Huko wanafunzi walimwogopa kwa ukali wake na walimpenda siku alizosahau kuwa mkali, yaani siku alizokuwa akisimulia.

Jumatatu ile hakusahau. Aliingia darasani na karatasi zake, ile yenye doa ikiwa juu.

"Aliyesoma Mnazi wa Mpaka ainue mkono."

Mikono yote juu.

"Aliyesoma kitabu. Sikusema aliyekisikia."

Mikono ikaanza kushuka, mmoja mmoja. Ikabaki miwili, na hiyo nayo ikawa inayumba.

"Basi Kalume mmemzamisha na nani?"

Msichana mmoja wa mbele, Cynthia, akafungua dawati akatoa kijitabu chembamba chenye jalada la manjano. Cynthia alikuwa wa kwanza darasani tangu kidato cha pili, na hakuwa na tabia ya kujificha. Jalada liliandikwa: Mwongozo wa Mnazi wa Mpaka: Muhtasari, Dhamira, Wahusika, Maswali na Majibu. Na chini yake: Kimetayarishwa na Jopo la Walimu Wenye Uzoefu.

Mbeyu alikipekua amesimama. Kurasa thelathini na kitu. Ukurasa wa kumi na moja Kalume alizama, na hakuibuka tena.

"Wewe, Cynthia? Wewe pia?"

"Mwalimu, nisamehe, lakini nitasema kweli. Tuna masomo kumi. Kemia ina vitabu viwili, hesabu ina karatasi za marudio kila jioni. Mtihani utauliza sifa sita za Kalume. Kitabuni sifa hizo zimetawanyika kurasa mia mbili. Huku zimepangwa, moja mpaka sita."

"Na kama zimepangwa uongo?"

"Sikujua ni uongo, Mwalimu. Kimechapwa."

Neno hilo lilimkera Mbeyu kuliko yote. Kimechapwa! Kana kwamba wino una mdomo wa mtume. Tena Cynthia hakuwa mvivu. Mtoto alikuwa amepiga hesabu yake vizuri: mtihani uliuliza sifa sita, na mtu mwenye akili huenda pale sita zilipo. Mbeyu akawapa darasa zima sufuri katika swali lile, akatoka bila kuaga.

Kabla ya wiki kwisha aliitwa ofisini. Mwalimu mkuu, Samuel Gunga, alikuwa mtu mpole aliyependa amani kuliko ukweli, na pembeni yake aliketi baba yake Cynthia, Bwana Seth. Bwana huyu alitoka bara, kazi yake ni karani bandarini, na shati lake la mikono mirefu lilikuwa limefungwa vifungo mpaka kooni katika joto lile.

"Mwalimu," Bwana Seth alianza, kwa adabu, "binti yangu hajawahi kupata sufuri. Amekataa kula."

"Amejibu vibaya, Bwana."

"Amejibu kama alivyofunzwa. Kitabu kile nimekinunua hapa hapa shuleni. Nilipewa karatasi ya vifaa mwanzo wa mwaka. Mwongozo umo ndani."

Mbeyu akamgeukia mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akatazama feni. Kijitabu cha manjano kilikuwa mezani pake, chini ya glasi ya maji, kimeshapata duara la unyevu.

"Mwalimu Mbeyu," akasema, "sote tunapenda kusoma. Hilo si swali. Lakini wilaya itatupanga kwa matokeo. Hawatauliza nani alifurahia kitabu."

"Umekisoma wewe, Mwalimu Mkuu?"

"Mimi ni mtu wa baiolojia."

"Sikuuliza wewe ni mtu wa nini."

Iliamuliwa kwamba swali lile lifutwe na alama zihesabiwe upya. Mbeyu alizihesabu upya huku akisaga meno, kila karatasi.

Jumamosi alikwenda kumtafuta huyo Jopo. Nyuma ya mwongozo paliandikwa jina la duka la uchapaji karibu na Marikiti. Alipita katikati ya hamali na mikokoteni ya ndizi, akakanyaga maganda, akatukanwa na akatukana, hata akalifikia: chumba kimoja cheusi kwa wino, mtambo unapiga kelele kama mashine ya kusaga. Mchapaji alikuwa akichapa kadi za harusi.

"Jopo la Walimu?" alicheka. "Bi, hakuna jopo. Ni mwalimu mmoja tu. Mwalimu Jefwa. Sasa hivi yuko hapo kwenye mkahawa, ndipo ofisini pake."

"Jefwa gani?"

"Barnabas."

Mbeyu alisimama pale mlangoni, hamali wakimpigia mluzi apishe njia. Barnabas Jefwa walisoma naye chuo cha ualimu. Kulikuwa na mwaka mmoja ambao wao wawili walinunua riwaya moja kwa ushirika, wakaikata kwa kisu katikati kwa kukosa subira, huyu akisoma nusu ya pili huku mwenziwe akimalizia ya kwanza, halafu wanabishana mpaka kengele ya kulala. Kama Mbeyu angeulizwa ataje mtu mmoja katika pwani nzima asiyeweza kuacha kitabu, angemtaja Barnabas.

Alimkuta kweli, meza ya pembeni, amenenepa, miwani imeshuka puani, mbele yake viazi na rundo la makaratasi.

"Mbeyu! Karibu, keti. Chai?"

Mbeyu akaweka kijitabu cha manjano juu ya meza. "Kwa nini umemuua Kalume?"

Barnabas alikitazama, akamtazama Mbeyu. Akavua miwani. "Kwani hakufa?"

"Barnabas."

"Nilifika sura ya kumi na nne," akasema polepole. "Shati liko mtoni, mama analia, matanga. Nikaona kijana amekwisha. Na mchapaji alikuwa ananiita kila siku, shule zinafungua."

"Kulikuwa kumebaki sura saba!"

"Najua sasa."

"Ungeulizia hata mtu."

"Ningemwuliza nani? Ngoja, Mbeyu, usipige meza, watu wanakula. Sikiliza jambo moja. Mwongozo huu uko katika mwaka wake wa pili. Unatumika huku Mombasa, unatumika Kilifi, Kwale, mpaka Taveta. Walimu wananipigia simu kuagiza. Walimu, si watoto. Na katika miaka hiyo yote miwili, mtu wa kwanza kuja kuniambia Kalume hakuzama ni wewe."

Chai ililetwa, haikunywewa. Mbeyu alitafuta neno la kumtukana nalo, na kila alilolipata lilikuwa dogo. Pwani nzima. Mwalimu baada ya mwalimu amesimama mbele ya ubao akamzika yule kijana, mwaka jana na mwaka huu, na hakuna aliyefungua ukurasa.

"Na wewe?" alimwuliza mwisho. "Wewe siku hizi unasoma nini?"

Barnabas alikunja miwani yake, akaikunjua. "Sisomi. Nimejaribu. Nikishika kitabu, kabla ukurasa haujaisha nimeshaanza kukipanga: dhamira hii, tamathali ile, swali litakuja hapa. Sikioni tena. Ni kama mpishi aliyepotewa na ladha."

Mbeyu aliondoka akiwa na hasira ambayo haikuwa na mahali pa kukaa. Alikuwa amekuja kumgombeza mwizi, akamkuta mgonjwa.

Jioni ile, akiwa na Bi Mejumaa barazani, alimimina yote. Vijana hawasomi, walimu hawasomi, nyumba ya tatu kutoka hapa kuna video inayoonyesha mapicha ya Kihindi kutoka alasiri mpaka isha, na Bi Mejumaa mwenyewe haikosi. Utamaduni unakufa. Watu hawa watakuwa na vyeti na hawatakuwa na kitu ndani.

Alitaraji kuungwa mkono. Bi Mejumaa alitafuna tambuu yake kwanza.

"Babangu," alisema, "alipomuona mdogo wangu ashika kitabu cha hizi herufi zenu za kizungu, alitia kilio kana kwamba kafiwa. Sisi twalikuwa tukisoma kwa herufi za Kiarabu. Alisema, elimu imekwisha hapa Mvita. Hawa watajua kuandika majina yao na hawatajua kitu."

"Na alikosea," Mbeyu akasema. "Ona mimi."

"Ngoja, sijamaliza. Mamangu alikuwa ana nyimbo zake za harusi, kaziandika kwa khati yake mwenyewe, khati nzuri kama pambo. Zimo sandukuni. Wajukuu zangu wote wamesoma, mmoja ni daktari. Hapana hata mmoja awezaye kuzisoma. Mimi nikifa, zile ni karatasi tu."

"Kwa hivyo baba yako alisema kweli."

"Sikusema alisema kweli. Wewe hukuja baada yake? Hukujua kitu? Wajua kunishinda." Akatema tambuu. "Mimi nakwambia yalivyokuwa. Hukumu ni yako, wewe ndiwe mwalimu."

Hata hilo lilimuudhi Mbeyu. Alitaka ndiyo au hapana. Akapanda chumbani.

Lakini jambo moja alikuwa ameliamua. Jumatano, saa ya michezo, aliwatangazia kidato cha nne kwamba atasoma Mnazi wa Mpaka kwa sauti, tangu mwanzo, kwa anayetaka. Mwalimu mkuu alikubali kwa kuwa saa ya michezo haikuwa na mtihani.

Siku ya kwanza darasa lilijaa, maana habari kwamba Kalume yu hai ilikuwa imeenea kama uvumi wa mjini. Siku ya pili walibaki nusu. Walitaka kujua tu alivyofufuka, na Mbeyu alikuwa bado anasoma habari za mnazi. "Turuke, Mwalimu, twende kumi na tisa," mmoja aliomba. Mbeyu akafunga kitabu, akamwambia hata harusi haianzi kwa kula. Wakacheka, na Jumatano iliyofuata wakaja wachache zaidi. Wengine walikuja na daftari, wakawa wanaandika sifa. Akawanyang'anya kalamu. Mmoja aliuliza kila ukurasa kama "hii itakuja". Mwingine alilala. Mbeyu alisoma akiwa amekasirika, na wakati mwingine hasira yake iliingia katika maneno ya wahusika, na hapo ndipo waliposikiliza zaidi.

Cynthia alikuja kila wiki. Hakuandika kitu. Siku waliyofika sura ya kumi na tisa walikuwa saba tu darasani, na Mbeyu alipofika pale baba anaposema "Mwanangu tulimzika," alisita kugeuza ukurasa. Nje watu walikuwa wanashangilia bao.

"Lakini anamjua!" Cynthia akasema kwa sauti. "Baba anamjua! Kwa nini anafanya hivyo?"

"Wewe unaonaje?"

"Kwa sababu alishalia. Mbele ya watu. Akimkubali, itabidi aseme alimlilia nani na kwa nini." Akapiga dawati kofi. "Huyu baba mimi namchukia. Na mwongozo unasema sifa zake ni mpole na mwenye huruma."

Wakabishana mpaka askari wa lango akaja kufunga madarasa. Mbeyu alirudi Kuze kwa miguu njia nzima, na kwa mara ya kwanza tangu Julai hakumgombeza mtu yeyote njiani.

Matokeo yalitoka mwaka uliofuata. Hakuna muujiza uliotokea. Swali la mtihani liliuliza dhamira, dhamira zilikuwa mwongozoni, na walioukariri walipata vizuri kama waliosoma kitabu. Mmoja wa wale saba alipata chini kuliko yule aliyelala. Cynthia alipata alama ya juu, lakini Cynthia angeipata hata kwa kukariri ratiba ya treni. "Unaona?" mwalimu mkuu alisema kwa upole, bila kumsimanga, na upole huo ukawa mchungu zaidi.

Kisha likaja la kuvunja moyo. Paredi moja ya asubuhi mwalimu mkuu alisimama mbele ya shule nzima akiwa na kijitabu kipya, safari hii cha kijani. Mwongozo wa Mnazi wa Mpaka, toleo la pili, lililosahihishwa na kuongezwa. Akafungua ukurasa wa kwanza, akausoma kwa fahari: "Shukrani za pekee zimwendee Mwalimu Mbeyu Tsofa, kwa jicho lake lisilolala, aliyetuwezesha kuondoa kasoro za toleo la kwanza." Shule ikapiga makofi.

Mbeyu alikipokea kijitabu mbele ya watu wote. Alikifungua pale pale. Sura ya kumi na tisa ilikuwamo, kwa mistari minne. Baba anasema tulimzika. Hii inaonyesha unafiki. Kila kitu kilikuwa sahihi. Hapakuwa tena na sababu yoyote ya mtoto kufungua riwaya, hata kwa kuogopa kukosea. Mwongozo ulikuwa mbovu. Yeye ndiye aliyeuponya.

Alimpigia Barnabas simu kutoka ofisini, akamwita majina ambayo karani wa shule, mama wa makamo, alikuwa hajapata kuyasikia kutoka kwa mwalimu.

"Lakini nimekisoma, Mbeyu," Barnabas alisema alipopata nafasi. "Mpaka mwisho. Ilibidi, kwa ajili ya masahihisho. Nilipofika pale mlangoni... niliweka kitabu chini nikatoka nje."

"Na kisha?"

"Kisha nikarudi ndani, nikaandika mistari minne."

Mbeyu akakata simu.

Mwaka wa tisini na saba aliitwa kwenye semina ya walimu wa Kiswahili, katika ukumbi mmoja hapa kisiwani. Mada iliandikwa ubaoni kwa herufi kubwa: Kuporomoka kwa Utamaduni wa Kusoma Miongoni mwa Vijana. Mzungumzaji baada ya mzungumzaji alisimama akawalaumu vijana. Video. Televisheni. Muziki. Wazazi. Vijana hawana subira, vijana hawana hamu. Walimu walitikisa vichwa kwa masikitiko na kujipepea kwa ratiba. Mbeyu aliyasikia maneno yake mwenyewe ya barazani yakitoka katika vinywa vya watu wengine, na hakuyapenda.

Zamu ya maswali ilipofika, alisimama.

"Mimi nina swali dogo. Kwa miaka miwili mwongozo tuliokuwa tukiutumia ulisema Kalume alizama. Sote tulifundisha kitabu kile. Ni nani humu aliyeona kuwa si kweli?"

Feni ziliendelea kuzunguka. Mtu alikohoa.

"Basi naomba ubao urekebishwe," akasema. "Hapo panaposema vijana."

Akaketi. Mwenyekiti akamshukuru kwa mchango wake, akatangaza chai.

Kwenye chai watu walimpisha kama mwenye ndui. Alikula hamri yake peke yake, akijilaumu kwa mdomo wake na papo hapo akitamani angesema zaidi. Ndipo akamjia mwalimu mmoja kijana wa huko Kisauni, Ketty kwa jina, kikombe mkononi.

"Bi Mbeyu, shikamoo. Mimi nilifundisha ule mwongozo. Hata kitabu chenyewe sijakishika mkononi. Shule yetu ilikuwa na nakala moja, ikapotea."

"Marahaba. Na sasa unataka nini? Toleo la kijani?"

"Nataka kusoma. Kile chenyewe."

Mbeyu alikuwa na nakala yake mkobani. Ilikuwa imejaa maandishi yake pembezoni, hasira za miaka mitatu. Hakuwa mtu wa kuazimisha vitabu. Alikuwa akisema kitabu kilichoazimwa ni kitabu kilichokufa. Alimtazama yule binti toka juu mpaka chini, akatoa kitabu, akampa kwa masharti: mwezi mmoja, usikunje kurasa, usimpe mtu.

Mwezi ukapita. Mbeyu akangoja, akapiga simu Kisauni kutoka ofisini.

"Nilikimaliza wiki ya kwanza, Bi," Ketty alisema, sauti yake imejaa aibu. "Nikamsomea mwenzangu kipande, akaniomba mpaka nikashindwa. Nilimwambia siku mbili tu. Naye akampa dada yake, anayefundisha Malindi."

"Nilikwambia usimpe mtu!"

"Najua, Bi. Nitakifuata mwenyewe."

"Na huko Malindi kipo?"

Ketty alishusha sauti. "Wanasema kimetoka huko. Walimu wanaopokezana wanabishana kuhusu yale uliyoyaandika pembeni. Kuna mwalimu mmoja anasema umekosea kuhusu mama yake Kalume."

"Nimekosea!" Mbeyu alisimama, karani wa shule akageuka. "Nimekosea wapi? Ni nani huyo? Nipe jina lake. Nipe namba ya shule yake, sasa hivi!"